Kuosha, Kuzungusha, Kutazama

Mteknolojia wa maabara anashika mrija wa kioo kwa vidole viwili na kuuinamisha polepole mbele ya taa. Chini kuna kitone cha chembe nyekundu za damu, kidogo kama punje ya mtama. Kikiinuka laini kama moshi wa ubani, hakuna kasoro. Hiki kinang'oka kwa madonge.

Mirija yote iko hivyo. Plazma ya mgonjwa imeshikamanisha chembe za kila mchangiaji, na hata chembe zake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako: mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya damu yake. Mgonjwa anahitaji damu, na hakuna chupa inayopatana naye.

Mteknolojia hababaiki. Kwanza anauliza kama mgonjwa aliongezewa damu katika miezi 3 iliyopita. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Za mgeni zikiwa bado zimo, kazi inayofuata itampotosha. Jibu ni hapana.

Anaosha chembe za mgonjwa kwa maji ya chumvi, anazichanganya na papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi, ili zinase kingamwili vizuri zaidi. Anaziosha tena, anazitia katika plazma ya mgonjwa huyohuyo, na kuuacha mrija kwenye maji ya nyuzi 37. Anasubiri. Kingamwili zinaifuata damu ziliyoizoea na kuing'ang'ania. Anauzungusha mrija kwenye mashine, anavuta plazma ya juu kwa pipeti, anatia chembe nyingine, anaanza upya. Mara ya pili. Mara ya tatu. Hapunguzi hata dakika moja.

Anatafuta kilichojificha nyuma ya fujo hiyo: kingamwili nyingine, iliyozaliwa na ujauzito au damu ya zamani, inayoweza kuvunja chembe za mchangiaji.

Sasa plazma iliyochujwa inakutanishwa na chembe ambazo sifa zake zinajulikana moja moja. Anaziosha mara nne, kisha anadondosha dawa ya kipimo ambacho watafiti Coombs, Mourant na Race walikitangaza Uingereza mwaka 1945. Mirija mingi inatoa moshi. Michache inatoa madonge, na yote ina chembe zenye alama ya E. Ameipata ile iliyojificha.

Hata ile mirija iliyotoa moshi haiamini bado. Katika kila mmoja anatia chembe zilizokwisha kuvikwa kingamwili; zisiposhikamana, uoshaji ulikuwa mbovu na jibu ni batili. Zote zinashikamana. Anakwenda kwenye jokofu kutafuta chupa isiyo na E.

Alianza asubuhi, sasa ni alasiri, kwa ajili ya chupa moja. Ndugu msomaji, siku ukimsubiria mgonjwa wako damu na kuambiwa "bado", vumilia. Huenda kuna mtu anayeosha mrija kwa mara ya nne.