Sifa za Karatasi ya Makadirio

Buswelu, mkoani Mwanza, inajengwa bila kupumzika. Tangu Ilemela ilipokuwa manispaa mwaka 2012 na ofisi zake kuu zikawa hapa, vilima vya majabali vimezidi kujaa nyumba za kila hatua: iliyoishia kwenye msingi, iliyofika lenta, iliyoezekwa ikisubiri plasta, na iliyohamiwa huku vyumba viwili bado havina sakafu. Watu wanajenga kidogo kidogo, kwa mshahara, kwa faida ya samaki, kwa mkopo wa kikundi. Katika mafundi wote wanaopita kwenye nyumba hizo, mmoja hufanya kazi kubwa kabla hajashika koleo. Ni fundi umeme, siku anayokuja na tepu, daftari na kalamu kukadiria gharama. Ufundi huo wa kukadiria ndio ninaotaka kuusifu, maana naamini usalama wa watakaolala ndani ya nyumba huamuliwa siku hiyo.

Mtazame akiwa kazini. Bei haitaji kwanza, anauliza.

"Mama, friji itakaa wapi?"

"Pale karibu na dirisha, mwanangu. Na nikijaliwa nitaweka friza la samaki."

Hapo kalamu inasimama. Friza la samaki halilali. Litahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye DB, yaani boksi la kugawia umeme, na breka yake, ili likipata hitilafu lisizime nyumba nzima. Anaendelea: maji yatatoka wapi, kuna kisima cha pampu? Kile chumba cha mbele ni duka, saluni, au kuna kijana atakayechomelea mageti? Wenye nyumba wengi hawajawahi kuulizwa maswali hayo, hata na aliyewachorea ramani. Wakimaliza kuyajibu wanakuwa wameiona nyumba yao ikiwa na watu ndani, na fundi ameiona pamoja nao.

Kisha anapima, na hapa mzoefu anajitenga na anayejifunza. Chukua taa moja ya chumba cha kulala. Kwenye ramani, kutoka swichi ya mlangoni hadi taa ya katikati ni mstari wa mita 2. Ukutani mambo ni mengine. Dari iko juu mita 3, swichi iko mita 1.3 kutoka sakafuni, kwa hiyo waya unashuka mita 1.7, tena mara mbili: mmoja wa kuleta umeme kwenye swichi, mwingine wa kuupandisha kwenda kwenye taa. Hizo ni mita 3.4. Kutoka juu ya swichi hadi katikati ya dari zinakwenda nyaya tatu, laivu, nyutro na ethi: mita 6. Ongeza mikia ya kufungia, umefika karibu mita 10, na waya unaotoka kwenye DB hujauhesabu. Aliyepima sakafu peke yake ataishiwa waya nyumba ikiwa nusu. Mwenye nyumba ataombwa aongeze hela, atahisi anaibiwa, na kuaminiana kutaishia hapo, ingawa hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenzake.

Unene wa waya nao una hesabu yake. Milimita 1.5 za mraba kwa taa, 2.5 kwa soketi, 4 au 6 kwa jiko na hita ya maji: hayo kila fundi anayajua kwa kichwa. Akili inahitajika pale nyumba inapotoka kwenye mazoea. Tuseme pampu iko kisimani, mita 80 bondeni, na inavuta ampea 7. Kwa waya wa 1.5, volti 13 na nusu kati ya 230 zitapotea njiani. Pampu itasukuma kwa taabu, mota itapata moto, na siku moja inaweza kuungua. Kwa waya wa 2.5 upotevu unashuka hadi volti 8 hivi. Mstari mmoja kwenye karatasi ya makadirio, ulioandikwa kwa hesabu hiyo, unaweza kuokoa bei ya pampu nzima. Mwenye nyumba hatajua kamwe kwamba aliokolewa.

Bei yenyewe haitulii. Roli ya mita 100 ya waya wa 2.5 inabeba shaba ya kilo 2.2 hivi. Fundi anayejua uzito huo huipima roli mkononi dukani, kwa sababu roli nyepesi kupita kiasi imepunjwa shaba, au ndani yake mna aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Shaba nyingi ya ukanda wetu huchimbwa Zambia na Katanga, nyingine ikipita kwa malori hadi bandari ya Dar es Salaam, na bei yake duniani hufuata soko la metali la London. Mei 2024 tani moja ilivuka dola 11,000. Mama wa Buswelu hana habari na soko hilo, lakini roli anayoinunua mjini Mwanza ina habari nalo. Kwa mtu anayejenga miaka mitano, makadirio yaliyoandikwa nyumba ikiwa kwenye lenta hayawezi kutumika siku ya rangi. Ndiyo maana fundi mwaminifu huandika tarehe na muda ambao bei itasimama, kisha hugawa kazi katika awamu tatu: mabomba na maboksi kabla ya plasta, nyaya baada ya plasta, na swichi, soketi na taa baada ya rangi. Mgawanyo huo unamheshimu mtu anayejenga kwa kudunduliza. Anajua mwezi huu anunue nini, na nini kisubiri.

Sehemu ngumu zaidi ni pesa ya ufundi. Wako wanaoichukua kama asilimia ya vifaa, na njia hiyo inamdanganya kila mmoja. Muda wa kufunga taa ya sebuleni ya bei kubwa hauzidi sana ule wa kufunga ya bei ndogo. Kutindua njia ya bomba kwenye nguzo ya zege hakuhitaji kifaa chochote cha dukani, lakini kunakula nusu siku na kumaliza tindo. Mkadiriaji wa kweli anahesabu muda. Anajua ukuta wa tofali za kuchoma unavyotindulika na wa bloku unavyogoma, anajua kupanda darini kwenye joto la mchana kunavyopunguza kasi ya mtu, na anajua atarudi mara tatu kwa sababu ya zile awamu. Ndani ya bei hiyo kuna posho ya saidia fundi, nauli, chakula, kuchakaa kwa drili, na ile siku ya kurudi bure mwenye nyumba atakapopiga simu kusema soketi moja haifanyi kazi. Fundi asiyejihesabia hayo anafanya kazi kwa hasara bila kujua, na mwenye hasara hutafuta mahali pa kuifidia.

Mahali hapo, mara nyingi, ni ethi, yaani njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Majabali ya Mwanza yanapendeza machoni na yanasumbua chini ya ardhi. Rodi ya mita 1.2 ikigongwa kwenye kiwanja cha Buswelu inaweza kukutana na mwamba kabla haijazama nusu. Fundi makini huomba mtaimbo siku ileile ya makadirio na kuchokoa udongo kona hadi kona. Akikuta mwamba, anaandika mtaro wa kwenda kwenye udongo laini, rodi ya pili, na waya wa kuziunganisha. Kisha anaandika kitu ambacho wengi hukifuta: kifaa kinachokata umeme ukivuja hata miliampea 30. Sababu yake ni hesabu fupi. Ethi yenye ukinzani wa omu 40 itapitisha ampea zisizofika 6 friji ikivujisha umeme kwenye bati lake, na breka ya ampea 16 haitashtuka. Bati litabaki na umeme likimsubiri mtoto atakayelishika. Kifaa kile kidogo kingekata umeme papo hapo.

Sasa anakuja mshindani na bei ya chini. Nyumba itawaka vilevile, mita ya LUKU itasoma vilevile, na kwa macho ya mwenye nyumba kazi ni ileile. Katika umeme, kinachokatwa kwenye bei hukatwa mahali pasipoonekana: nyuma ya plasta, juu ya dari, chini ya udongo. Leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ni kinga muhimu, kwa kuwa inamtaka anayefunga umeme awe na sifa na awajibike kwa jina lake. Lakini mkaguzi hufika kazi ikiwa imekwisha. Makadirio huja wakati kila kosa bado linasahihishwa kwa kufuta mstari.

Ufundi huu una manufaa hadi nje ya nyumba za watu binafsi. Madarasa na zahanati nyingi nchini zimejengwa kwa fosi akaunti, ambapo kamati hununua vifaa na fundi hutaja bei ya ufundi peke yake. Hapo karatasi yake inasomwa na walimu, wauguzi na wajumbe wa kijiji au mtaa. Ikiandikwa wazi, kifaa kwa kifaa, kipimo kwa kipimo, watu wasiojua umeme wanaweza kuuliza maswali ya maana kuhusu fedha za umma. Ikiandikwa jumla tupu, wanabaki kutikisa vichwa na kutia saini.

Natamani ufundi huu upewe heshima yake. Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA wakijua kuvuta waya wafundishwe kwa uzito uleule kukadiria, na anayetembea kiwanja kizima kupima alipwe kwa siku hiyo hata kama kazi atapewa mwingine, maana ametoa ujuzi. Nawe unayejenga, ukiletewa karatasi mbili za bei, usikimbilie jumla iliyoko chini. Tafuta kwanza mstari wa ethi. Kama haupo, umeshajua ile bei ndogo imetoka wapi.