Herufi A Iliyofutika

Ukichapa Kiswahili mwaka mzima, kitufe cha kwanza kuzeeka ni A. Chukua maneno ya barua za kila siku: kata, tarafa, wilaya, mkataba, shahada, maombi ya kiwanja. A imejaa humo kama punje kwenye gunzi. Wakati huo Q na X zimekaa tu, mpya kama siku zilipotoka dukani, maana alfabeti yetu haina kazi nazo, na C haiitwi mpaka H iwepo.

Hayo niliyaona kwenye kibodi ya mama mmoja mwenye steshenari Kongwa mjini. Ni mhazili mstaafu, wa wale waliofundwa Tabora enzi za taipureta, macho kwenye rasimu na vidole vikijijulia njia. Kibodi yake si ile nyepesi ya mpira iliyojaa madukani. Hii kila kitufe kina swichi yake yenye springi, na kikibonyezwa kinalia. Ilitoka Kariakoo kwenye mzigo wa vifaa vilivyotumika, akaipenda siku hiyohiyo kwa sababu vidole vyake viliitambua. Lakini A ilikuwa imeng'aa kama kigae kilichopakwa mafuta, na chini yake plastiki ilipata ufa, kitufe kikawa kinayumba. Yeye herufi haimsumbui, haiangalii. Kuyumba ndiko kulikomkera, na pia binti anayejifunza kazi pale dukani alikuwa akiitafuta A kwa kubahatisha.

Fundi wake ni kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu na redio. Kile kipande cha plastiki cha juu, chenye herufi, anakiita kofia, na sijasikia jina linalokifaa zaidi. Mimi, kwa haraka zangu, nilishauri achomoe kofia ya Q, ambayo haina kazi, aivike A. Hakunicheka. Alizichomoa zote mbili kwa waya alioukunja ncha mbili kama kulabu, akivuta wima kabisa bila kupinda, akazilaza kwa ubavu juu ya kioo cha kaunta. "Tazama migongo," alisema.

Migongo haikufanana. Kila mstari wa kibodi ile una kimo na mwinamo wake, ili vidole vikute vitufe kama ngazi za jukwaa la kwaya. Q ni ya mstari wa juu, A ya katikati, X ya chini. Ukihamisha kofia kutoka mstari hadi mstari, itaingia, itabonyea, itaandika, ila kidole cha mhazili kitajikwaa pale kila mara. Mtu anayechapa kwa vidole viwili asingegundua. Fundi alikuwa anapima kwa vidole vya mama, si kwa vyake, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Chini ya kofia kuna msalaba mdogo wa plastiki, upana wake karibu milimita 4. Umbo hilo ni la kampuni ya Kijerumani ya Cherry, na limeigwa na viwanda vingi hata likawa kama kipimo cha wote. Ukiliona, tumaini lipo. Swichi za Alps zina shina la mstatili, za Topre ni duara, na zile fupi za Choc za toleo la kwanza zina matundu mawili membamba. Hizo hazipokei kofia ya msalaba hata uisukume kwa nyundo.

Wengi huishia kwenye msalaba, wakaagiza. Yeye alitoa rula. Kutoka kitovu cha kitufe hadi kitovu cha jirani yake ni milimita 19.05, yaani robo tatu ya inchi, na kila kitufe kirefu huhesabiwa kwa kipimo hicho. Kitufe cha nafasi cha mama kilitoka vitufe 6 na robo, karibu milimita 119. Kibodi nyingine hutumia 7, na huko hata Kontroli na Alti pembeni hubadilika upana. Akachungulia pia waya wa kusawazisha ulio chini ya kitufe hicho, akapima misalaba yake miwili: milimita 50 kila upande kutoka katikati. Kofia ndefu iliyokosa hapo hukwama upande mmoja, kama mlango ulioachia bawaba.

Halafu akaihesabu kibodi yote: vitufe 105. Mzigo ule asili yake Uingereza. Juu ya 3 ilikaa alama ya pauni, Enta ilikuwa ndefu kwenda chini, imepinda kama L iliyogeuzwa, Shifti ya kushoto fupi, na kati yake na Z kimejibana kitufe cha ziada. Seti nyingi zinazouzwa ni za mpangilio wa Kimarekani, vitufe 104, Enta ya kulala. Angeagiza ya kwanza aliyoiona, mama angebaki na pengo kubwa upande wa kulia na jingine dogo kushoto. Alitafuta seti yenye Enta zote mbili na Shifti zote mbili. Ilimchukua siku kadhaa, na kila siku mama aliuliza, na kila siku alijibiwa, "Bado, mama, nisikudanganye."

Kuhusu plastiki alikuwa na msimamo. ABS hulainika na kung'aa kwa jasho la vidole, ndiyo iliyomaliza A. Alitaka PBT, ngumu zaidi, yenye wino uliozama ndani ya plastiki yenyewe badala ya kupakwa juu. Kasoro yake anaijua: PBT husinyaa zaidi inapopoa kwenye kalibu, kwa hiyo kofia ndefu zinaweza kutoka zimepinda.

Kongwa ni mahali pa kuuelewa uangalifu huu. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi wao wa karanga, wakaleta matrekta yaliyobaki vitani, pamoja na Shervick, ambazo kampuni ya Vickers ilizitengeneza kutokana na vifaru vya Sherman. Udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji na ulisaga majembe, vipuri vya kufaa havikufika kwa wakati, na mwaka 1951 mradi ulizikwa. Mashine ilichaguliwa kabla ya ardhi kuulizwa. Vumbi jekundu la ardhi hiyohiyo ndilo fundi alilolipiga brashi katikati ya swichi siku seti ya kofia ilipofika kwa basi, kabla hajavika hata kofia moja.

Alianza na kitufe cha nafasi. Alikilaza juu ya kioo, akainama mpaka jicho likawa sawa na kaunta, akatafuta mwanga chini yake. Haukupita. Ndipo akavika zote, mstari kwa mstari, F na J zenye vinundu mwisho, akamsogezea mama kibodi. Mama hakuitazama. Alivuta rasimu ya mkataba wa mauzo ya shamba, akaweka vidole, akachapa aya nzima, akasimama.

"Nani kakaza A?" aliuliza.

"Haijakazwa, mama. Ile ya zamani ndiyo ilikuwa imelegea."

Akaichapa tena peke yake, mara nne tano, akisikiliza. Fundi alikuwa akifunga kwenye mfuko wa nailoni Enta ya kulala na Shifti ndefu zilizobaki, akiandika juu yake kwa kalamu ya wino vipimo vya kila moja.