Vinasaba si Nasaba

Istilahi itokayo maabara ikaingia mahakamani hukuta maneno mengine yamekwisha kukaa humo. Ndivyo ilivyokuwa kwa neno vinasaba, lililokubalika kwa maana ya DNA, na ambalo hutumika katika kuitaja sheria ya mwaka 2009 ya kusimamia vinasaba vya binadamu. Neno limeundwa kwa ustadi: ni fupi, lina umoja na wingi, na mzizi wake wafahamika. Kasoro yake imo katika mzizi huo huo.

Katika mwambao wa Bagamoyo, tangu Kaole hadi Saadani, nasaba si damu peke yake, bali ni ukoo unaotambuliwa na sheria. Katika fikihi ya Kishafii, mtoto wa nje ya ndoa humrithi mamaye, wala hamrithi mwanamume aliyemzaa. Na aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mume, isipokuwa amkane kwa liani. Tuchukue mfano wa shauri la shamba la minazi katika mahakama ya mwanzo, ambako mirathi ya kimila na ya Kiislamu husikilizwa. Ripoti ya maabara yasema vinasaba vya mdai vinaafikiana na vya jamaa za marehemu. Mdai huamini kuwa nasaba yake imethibitishwa na fungu lake limepatikana; warithi wengine hudhani kuwa maabara imeitangua sheria. Wote wamepotoshwa na neno. Maabara imejibu nani amemzaa nani. Nani anarithi ni swali la hakimu.

Wako wapendao kusema chembe za urithi. Hilo halifai zaidi, maana mahakamani urithi ni mali iliyoachwa na marehemu, na msikilizaji atadhani kuwa chembe hizo ndizo zitoazo haki ya kuipata.

Kitenzi kuthibitisha nacho chataka hadhari. Marehemu akiwa amekwisha kuzikwa, aghalabu hupimwa ndugu zake au watoto wake wengine. Ndugu wa kiume waliozaliwa na baba mmoja huwa na kromosomu Y moja. Kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakiwezi kutenganisha baba na baba mdogo. Ripoti ikisema kwamba mtu hakuondolewa katika uwezekano wa kuwa jamaa, mfasiri asiandike kwamba imethibitika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yenyewe imeweka kipimo cha DNA kando ya ushahidi mwingine, kama vile daftari la vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, na kumkubali mtoto hadharani.

Hatushauri neno vinasaba liondolewe, kwani limekwisha kuota mizizi. Tunashauri mipaka yake ichorwe. Matokeo ya maabara yaitwe matokeo ya uzazi, na mwanamume anayehusika aitwe baba mzazi. Neno nasaba liachiwe hukumu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, karani achanganyaye maneno haya mawili aweza kumpotezea mjane shamba, au kumpa mdai tumaini lisilo na msingi.