Je, Mpita Njia ni Hadhira? Wimbo wa Kituoni Kitengela

Swali la hadhira katika fasihi simulizi aghalabu hujibiwa kwa mkato: hadhira tendi hushiriki, hadhira tuli husikiliza tu. Jibu hili hupata alama, lakini halitoshi mtahiniwa anapoulizwa kuhusu fanani wa barabarani.

Tuchukue mwimbaji asiyeona anayeimba nyimbo za injili katika kituo cha matatu mjini Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Ana kipaza sauti, spika ndogo na kopo. Makanga wanaita abiria wa Nairobi na wa Kajiado, bodaboda zinapiga honi. Wapita njia wengi hawageuki. Je, hao ni hadhira?

Mhakiki mwenye haraka atakana. Hata hivyo, tazama wimbo wenyewe. Mpita njia humsikia fanani kwa hatua kumi, ishirini hivi. Utenzi hauwezekani hapo, wala ngano yenye mgogoro na upeo. Ndiyo maana fanani huchagua pambio linalojulikana makanisani, huanzia kwenye kiitikio na kukirudia hata wimbo usiwe na mwanzo wala mwisho. Takriri hapa haisisitizi ujumbe tu (walimu wenzangu, tumelikariri mno jibu hilo). Humwezesha kila anayefika kuudaka wimbo papo hapo. Asiyesimama ndiye aliyeupa wimbo umbo.

Kwingineko Kajiado, katika sherehe za Wamaasai kama eunoto, olaranyani huongoza na wenzake humwitikia kwa mvumo wa kooni. Kituoni fanani hana waitikiaji. Hujiitikia mwenyewe.

Kisha kuna kopo. Sarafu ya shilingi 20 ni sifa au sadaka? Anayeitoa yamkini ameiona fimbo nyeupe kabla ya kuusikia wimbo. Nasi wahakiki humdhulumu fanani vivyo hivyo: twamhesabu miongoni mwa maskini, si miongoni mwa wasanii.

Mnamo Januari 2007, Joshua Bell, mpiga fidla mashuhuri, alipiga muziki kwa dakika 43 hivi katika kituo cha treni mjini Washington, Marekani, bila kujitambulisha. Kati ya watu 1,097 waliopita, 7 tu ndio waliosimama kwa angalau dakika moja. Kisa hiki hutumiwa kuwalaumu wapita njia. Mimi sioni hivyo. Bell alipeleka kituoni muziki uliotungiwa ukumbi, mahali ambapo watu wameketi na kunyamaza. Mwimbaji wa Kitengela hangefanya kosa hilo, kwani riziki yake imo katika kuujua muktadha.

Kwa hivyo mwanafunzi anayetumwa nyanjani asihesabu waliosimama pekee. Aandike pia ni nani aliyepunguza mwendo, ni makanga yupi aliyenyamaza kidogo, na ni nani aliyevuka barabara akilivumisha pambio lile lile bila kujua amelitoa wapi.