Machozi ya Dik al-Jinn na Damu ya Ward

Wasomaji wa fasihi ya Kiarabu wanamjua Abdus-Salam bin Raghban, mshairi wa Homs katika nchi ya Sham, maarufu kwa lakabu ya Dik al-Jinn, aliyefariki katikati ya miaka ya 230 Hijria. Kila anapotajwa hutajwa kwa jambo moja: alimuua mkewe kwa hasira, kisha akaishi akimlilia. Maombolezo yake husifiwa sana, na yeye mwenyewe hutazamwa kama shujaa wa mapenzi aliyeteleza. Sisi tunaona usomaji huo una kasoro, na kasoro yenyewe si ya kifasihi tu.

Tuanze na kisa. Riwaya zinatofautiana, lakini iliyo mashuhuri ni ile ya Abul-Faraj al-Isfahani (aliyefariki 356 H / 967 M) katika Kitab al-Aghani. Mshairi alimpenda binti Mkristo wa Homs aitwaye Ward. Akamlingania Uislamu, binti akasilimu mikononi mwake, wakaoana. Baadaye hali yake ikawa ngumu, akasafiri kwenda Salamiyya kwa mfadhili wake, Ahmad bin Ali al-Hashimi, akakaa huko muda mrefu. Binamu yake, ambaye mshairi alikuwa amemtungia mashairi ya kumkashifu, akaeneza mjini kuwa Ward ana mtu. Mume aliporejea akamuuliza mkewe, naye akajibu kuwa halijui jambo hilo. Mara mlango ukabishwa na mtu aliyepangwa na binamu huyo, akajitaja kwa jina la yule aliyesingiziwa. Upanga ukatoka alani. Ukweli ulikuja kujulikana Ward akiwa tayari kaburini.

Ndugu msomaji, zingatia kuwa mke aliulizwa na akajibu, lakini jibu lake halikuwa na uzito mbele ya sauti ya mtu asiyeonekana nyuma ya mlango. Katika mashairi yaliyofuata, mshairi ndiye anayesema peke yake. Anamsifu marehemu kwa uzuri, na humo humo anajitafutia udhuru kwa wivu, kwamba alimwonea choyo asionwe na macho mengine. Hatuna shaka kuwa alimpenda. Tunachokikataa ni kuyafanya mapenzi hayo kuwa hoja ya kumtetea.

Sheria ilikuwa imekwisha kumwekea njia muda mrefu kabla yake. Uwaymir al-Ajlani alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mtu anayemkuta mwanamume mwingine na mkewe: amuue, naye auawe, au afanyeje? Jibu lilikuja katika Surat an-Nur, aya ya 6 hadi ya 9, nalo ni lian: mume huapa, mke naye huapa, kisha hutenganishwa. Hapo kiapo cha mke kinaiondoa adhabu juu yake. Na hiyo ni kwa mume mwenye madai yake mwenyewe, sembuse aliyeletewa uvumi, ambao Surat al-Hujurat aya ya 6 inaamrisha uchunguzwe kwanza!

Lakini lililotushughulisha zaidi ni jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka. Mtawala alipopata habari alimtafuta, naye akakimbilia Damascus. Ahmad bin Ali akamwandikia amiri wa huko ampe amani, na marafiki wakaenda kumwombea asamehewe jinai yake. Akarudi Homs. Tujiulize: msamaha ule ulikuwa haki ya nani? Ward alikuwa Mwislamu. Ikiwa jamaa zake walibaki katika dini yao, basi hawamrithi, kwa hadithi sahihi kuwa kafiri hamrithi Mwislamu. Mume ndiye muuaji, na muuaji harithi. Hivyo damu yake haikuwa na msimamizi isipokuwa sultani, walii wa asiye na walii. Na mafakihi wengi wamesema kuwa sultani katika hali hii huchagua kisasi au dia, wala hana ruhusa ya kusamehe bure, kwani anasimamia haki isiyokuwa yake. Riwaya haitaji dia hata dirhamu moja. Inataja kilio cha mwezi mzima na chakula kidogo tu cha kumtia mtu uhai.

Mbali na huyu yuko Aws bin as-Samit (r.a.), mtu wa Badr, ambaye naye alishikwa na hasira akamwambia mkewe, Khawla bint Tha'laba (r.a.), kuwa kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake. Kosa lake lilikuwa la ulimi, wala halilingani na kuua. Muda mfupi tu baadaye akamtaka. Khawla akamkatalia mpaka Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ahukumu baina yao, akaenda kwa Mtume (s.a.w.), na zikateremka aya za mwanzo za Surat al-Mujadila. Aws hakuwa na mtumwa wa kumwacha huru, na uzee ulimzuia kufunga miezi miwili mfululizo, ikabaki kulisha masikini 60. Hilo nalo hakuliweza peke yake, akasaidiwa tende. Khawla mwenyewe alitoa sehemu ya tende hizo.