Tovuti ya Lugha Tatu: Pa Kuikagua Kabla ya Kulipa

Chama cha ushirika cha kahawa huko Manyatta kikitaka tovuti ya Kiembu, Kiswahili na Kiingereza, fundi atafungua ukurasa wa mwanzo na kubofya kitufe cha lugha. Usivutiwe na ukurasa huo. Hata fundi mbovu huutafsiri. Mwambie afungue tangazo la wiki jana, lile la siku za kupokea buni kiwandani, abadili lugha akiwa humo humo. Akirudishwa mwanzo, mfumo haujui kwamba kurasa hizo tatu ni tangazo moja.

Kati ya mifumo ya kujengea tovuti, Drupal inalijua hilo yenyewe tangu toleo la 8, Novemba 2015. WordPress hutegemea programu-jalizi kama Polylang au WPML, basi uliza nani atazisasisha mwakani. Katika tovuti tuli, zile zisizo na hifadhidata, Jekyll ya 2008 haikuumbwa na lugha nyingi. Hugo inazo: faili kupokea.sw.md na kupokea.ebu.md zikikaa folda moja, huzitambua kuwa mapacha.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni tafsiri iliyokosekana, maana itakosekana tu. Katibu ataandika Kiswahili Ijumaa jioni, Kiembu kingoje Jumatatu. Ukifungua ukurasa huo kwa Kiembu, Drupal kwa kawaida huuonyesha kwa lugha iliyotumika kuuandika kwanza. Hugo, isipoelekezwa vingine, huliacha tangazo nje ya orodha ya Kiembu, na mkulima hajui hata kama lipo. Afadhali asome Kiswahili kuliko akose kabisa. Dawa yake ni mistari michache kwenye kiolezo, ila fundi asiyelijua swali hili hajawahi kuendesha tovuti ya lugha mbili.

Kisha tazama herufi. Kiembu huandikwa kwa ĩ na ũ, na fonti nyingi za mapambo hazina hizo. Kivinjari huziazima kwingine, na neno likaonekana limetiwa viraka. Jaribu pia kutafuta neno bila alama hizo, kwa sababu wengi huandika hivyo kwenye simu. Lisipopatikana, utafutaji ni pambo.

Wepesi? Tovuti tuli inashinda. Kurasa zimeshaandaliwa, hakuna hifadhidata ya kuvunjwa, na bando la msomaji haliishi kwa tangazo moja. Lakini wepesi wa msomaji unaweza kuwa mzigo wa mwandishi: Markdown, Git, kisha kungoja tovuti ijengwe upya. Decap CMS humpa katibu fomu ya kujaza juu ya tovuti tuli, nayo yafaa kuonyeshwa ikifanya kazi, si kuahidiwa.

Kwa hiyo mpe katibu simu yake mwenyewe, fundi akae pembeni mikono mfukoni, naye katibu atangaze malipo ya kilo kwa lugha mbili. Akiweza, chukua tovuti tuli, hasa kwa chama chenye matangazo machache msimu mzima. Akikwama, lipia yenye hifadhidata, na uandike kwenye mkataba jina la atakayeisasisha.