Bwana Msa na Msomaji Mtu Mzima

Riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, zilizoanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na kufikia Kosa la Bwana Msa mwaka 1984, huhesabiwa na baadhi ya wahakiki kuwa burudani tu. Hukumu hiyo yastahili kupimwa upya. Msomaji kijana huenda akafuata swali la nani aliyeua. Mtu mzima, hata awe Mitaboni katika nchi ya Wakamba, mbali na Unguja ya Bwana Msa, hufuata swali jingine: ni nani mwana wa nani, na kwa nini ukweli huo ulifichwa. Nasaba, ndoa na urithi ni mambo ayajuayo nyumbani kwake. Ndiyo maana humrudia mpelelezi yule yule na kiko chake, ingawa tabia yake haibadiliki. Upungufu upo: mwishoni Bwana Msa hueleza yote, naye Najum, pamoja na msomaji, huachiwa kazi ya kusikiliza. Hata hivyo, fundo likishafunguliwa, aibu ya jamaa hubaki imeanikwa, wala hakuna mpelelezi awezaye kuifuta. Burudani tupu haimwachii msomaji mzigo wa namna hiyo.